Jina Langu Maana Yake Furahi

Bibi ndiye aliyeniita Sechelela.
Kwa Kigogo hiyo ni amri: furahi.
Usiku niliozaliwa mvua ilinyesha,
na Bihawana mvua haiji mtu akakaa kimya.

Miaka ishirini na miwili baadaye
nimelala chali, naitazama bati,
nahesabu misumari. Arobaini na mmoja.
Nimeihesabu Jumatatu, nimeihesabu Alhamisi,
haijaongezeka.

Chuo nimekiacha kule kilimani, muhula katikati,
pamoja na ndoo yangu ya bluu
na deni la mia tano kwa mama wa maandazi.
Hilo deni naliota.

Mama anasema amka ule.
Ugali wa uwele unapoa, mlenda unafanya ngozi juu.
Si kwamba sitaki.
Mkono ni wangu, tonge ni langu,
kati yao pana safari ya Kondoa kwa miguu.

Baba mdogo anasema ni uvivu wa wasomi.
Shangazi Yaledi anasema kuna mtu kaniangalia vibaya.
Wanakwaya walikuja, wakaimba, wakanywa chai, wakaondoka.
Waliimba vizuri.
Nilitaka kuwaambia, mdomo ukagoma.

Na jirani, nyuma ya uzio wa minyaa,
akaitaja Mirembe
kwa sauti ile tuliyokua nayo sisi wa huku.
Darasa la pili tulitishana nayo:
wewe, utapelekwa Mirembe!
Tukacheka, na mimi
nikicheka kuliko wote.

Chilongani, mdogo wangu, hakusema kitu.
Alikaa kizingitini anamenya karanga,
jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Ya nne akauliza,
bila kuinua macho,
kama anayeuliza sululu imewekwa wapi:
Dada, unataka kufa?

Nikasema, kuna siku.

Karanga zikanyamaza.
Kisha akamenya moja, akanipa.
Nikaila. Sijui kwa nini ile niliweza.

Kesho yake jogoo wake hakuwika.
Alikuwa keshamuuza,
na bodaboda ilikuwa inanguruma nje,
nauli ya kwenda na kurudi mfukoni mwake,
imekunjwa ndogo kama hirizi.

Daktari alikuwa kijana, soksi zake hazifanani.
Aliuliza habari za usingizi, za chakula,
za vitu nilivyokuwa navipenda.
Nikamtajia kusuka nywele za wenzangu.
Nikalia hapo, kwenye nywele, si kwenye kifo.
Akasubiri.
Akaandika neno moja: sonona.

Mimi nililijua neno hilo kama kitenzi.
Moyo unasonona, unausononesha mwenyewe,
ungetaka ungeacha.
Yeye kaliandika kama jina la kitu,
kama malaria,
kitu kinachomwingia mtu bila kumwomba ruhusa.
Nikaisoma ile karatasi njia nzima,
vumbi la Mpunguzi likinijaa menoni.

Akasema dawa huchelewa, usikate tamaa mapema.
Akasema rudi Jumanne, tuongee tena.
Hakuniambia nifurahi.
Kwa hilo tu ningemletea kuku.

Sasa shambani wamepogoa zabibu,
visiki vinatoa maji kwenye majeraha.
Najua mnachongoja niseme.
Sitasema. Mzabibu una miezi yake,
baba anaijua kwa vidole.
Yangu haijulikani na mtu.
Wiki ya tatu niliamka nyepesi,
ya nne nikarudi kwenye misumari.

Wiki hii, ya sita, nimeosha kikombe.
Kimoja. Chilongani alikiona kimefunikwa juu ya kichanja,
akapita kama hajaona,
mvulana wa miaka kumi na mitano,
mabega yakimcheza.

Na bibi, ambaye masikio yake yameshachoka,
bado ananiita kutoka jikoni kwa sauti yote,
lile jina, ile amri:
Sechelela!

Sijafurahi, bibi.
Lakini nimesikia. Nimeketi.
Abee.